Waya wa Kijani na Njano

Kwa maneno, fundi Batholomeo wa Msalato hakuwa na mpinzani. Ukimpelekea redio iliyokufa, kabla hajaigusa keshakusimulia nyingine kumi alizozifufua, na ya kumi na moja ilikuwa ya mkubwa fulani ambaye jina lake alilificha kwa namna ya kukufanya ulijue. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara iendayo Kondoa, na kibao chake kilisema "Batho Sauti Safi". Amplifaya ikivuma, spika ikikwaruza, kwaya ikipata aibu mbele ya wageni, watu walikuwa na jibu moja: mpelekee Batho, ana mkono.

Ndiyo maana Jumatano ile, alipoona gari la Geofrey, Noah, linaegesha mbele ya kibanda, aliinuka na tabasamu lake lote. Geofrey alikuwa mwenyekiti wa kwaya ya kijiji kimoja huko ndani, ng'ambo ya bwawa la Hombolo. Alishuka na wanaume wawili, wakatoa amplifaya ya gitaa la besi iliyofungwa kitenge cheusi. Waliiweka chini haraka, wakarudi nyuma, wakajipangusa mikono kwenye suruali.

"Mbona mmeivalisha sanda?" Batho akatania.

Hakuna aliyecheka. Geofrey alikaa kwenye benchi, akavua kofia.

"Fundi, mashine hii imekaa stoo ya kanisa miaka minne, kwenye magunia ya mtama. Askofu anakuja kwenye kipaimara, mchungaji akasema itolewe. Jana tumeiwasha. Hatujachomeka gitaa, hatujachomeka kitu chochote. Inaguna yenyewe. Wamama wamekimbia, fundi. Wanasema ni sauti ya Jordan."

Hapo tabasamu la Batho likapungua, kwa maana habari za Jordan alizijua kila mtu kuanzia Hombolo mpaka Msalato. Alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Geofrey, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mpiga besi na mwimbaji. Alianguka madhabahuni Jumapili asubuhi, gitaa kifuani, akafa mbele ya waumini wote. Asubuhi hiyo alikuwa amekunywa uji wa mama yake wa kambo, Ruthu, aliyekuwa mfagiaji wa kanisa. Tena Ruthu huyo huyo alikuwa ameonekana, si mara moja wala mbili, akimwaga maji ya chumvi kwenye kona ya kanisa jua likizama. Watu walitaka ushahidi gani zaidi? Nyumba yake ilichomwa moto, mwenyewe akatoka na nguo alizovaa. Batho habari zile zilimkuta Singida kikazi. Alisema "dunia ina mambo," akaendelea kulehemu.

"Kama kuna kitu kimewekwa humo ndani," Geofrey akasema akiinuka, "usikiguse kwa mkono. Nipigie simu, nije na wazee."

Alhamisi asubuhi Batho akafunga mlango nusu, akaanza kazi. Mvumo una baba yake, ndivyo alivyopenda kusema, na kazi ya fundi ni kumtafuta huyo baba. Akaiwasha bila gitaa. Ikaguna kweli, mmmmm, sauti nzito ya chini inayoingia tumboni, na juu yake mikwaruzo. Nywele za mikono zikamsimama. Akajicheka kwa sauti, ila kibanda kilikuwa kitupu na kicheko hakikumsaidia.

Akazungusha kitufe cha sauti. Mikwaruzo ikazidi, ikakatika, ikarudi. Hiyo aliijua: vumbi na kutu ya kukaa bure. Akaizima, akachomoa, akafungua mgongo wa mashine. Ndani alikuta kiota cha panya kilichojengwa kwa makapi ya mtama na vipande vya karatasi za nyimbo, na panya mwenyewe kakauka humo. Akamtoa kwa koleo. Basi hiki ndicho kitu kilichowekwa, akawaza, akapumua. Akapulizia dawa kwenye vitufe vyote, akavizungusha mara hamsini hamsini. Akasafisha tundu la kuchomekea gitaa, lilikuwa limeota ukungu wa kijani. Kapasita mbili kubwa, zile za kutunza umeme, zilikuwa zimevimba kwa uzee, akazibadilisha. Akafunika, akawasha.

Mikwaruzo ilikwisha. Mvumo ulikuwepo.

Akajaribu soketi nyingine, ukawepo. Akazima taa ya kibanda na feni, ukawepo. Halafu, bila kufikiri, akaegemeza kiganja kwenye bati la mashine ili ainame aangalie nyuma, na mvumo ukabadilika. Ukapungua. Akaondoa mkono, ukapanda. Akaweka, ukashuka. Akahisi na kitu kingine kwenye kiganja, msisimko mdogo, wa sisimizi.

Ala! Mtu aliyeshika vyuma vya umeme miaka ishirini na saba haambiwi maana ya msisimko ule. Batho aliondoa mkono taratibu. Alikuwa amevaa kandambili za raba juu ya zulia kuukuu, na hilo ndilo lililomwokoa. Akachukua testa, ile bisibisi yenye taa kwenye mpini, akaigusisha kwenye bati. Taa ikawaka nyekundu.

Bati zima lilikuwa na moto wa umeme.

Akachomoa. Akafungua tena, na safari hii hakutafuta kwenye vitufe. Kwenye kona, karibu na transfoma, waya wa moto wa rangi ya kahawia ulikuwa umelaliwa na ukingo wa bati. Kila wimbo ulipopigwa mashine ilitetemeka, na kila ilipotetemeka ganda la waya lilikwanguka kidogo, mpaka shaba ikagusa chuma. Kugusa nyuzi za gitaa ni kuligusa bati, maana vyote vimeunganika. Lakini hilo peke yake haliui mtu. Kuna waya wa tatu, wa kijani na njano, ambao mafundi wanauita ethi. Kazi yake ni moja tu: moto ukipotea njia ukaingia kwenye bati, ethi inaubeba kuupeleka ardhini, fyuzi inakatika na mashine inazima. Basi kwa nini haikuzima?

Jibu lilikuwa ndani ya plagi. Skrubu tatu tu. Na Batho, aliyekuwa na haraka na kila kitu duniani, akaenda kwanza kunywa maji. Akarudi, akapanga bisibisi zake kwa ukubwa. Akatoka kumsalimia jirani aliyekwisha kumsalimia. Moyo ulikuwa unajua kabla ya macho, sema macho yalikuwa yanaomba dakika mbili za amani.

Akafungua plagi. Waya wa kijani na njano ulikuwa umekatwa, ukakunjwa ukarudi nyuma, ukazungushiwa utepe mwekundu mara mbili, ncha ya utepe ikabanwa chini. Kila fundi ana mkono wake. Mkono ule ulikuwa wake.

Akakumbuka yote, wala hayakuwa mbali. Miaka minne na miezi kadhaa iliyopita, umeme ulikuwa ndio kwanza umefika kijijini kwa Geofrey, na amplifaya mpya ilikuwa inavuma ikichomekwa pamoja na mikisa, mashine ya kuchanganya sauti za maiki. Alidhani kwanza ni ethi ya jengo. Udongo wa huku kiangazi unakauka mpaka nondo ya ethi inakuwa imesimama kwenye jivu, na dawa yake mafundi wote wanaijua: mwagia maji ya chumvi pale ilipozikwa, kila wiki. Alimwita mama mmoja aliyekuwa anafagia, akamwonyesha kona, akampa kazi hiyo. Mvumo haukwisha. Ndipo akafanya alichokifanya kwenye makanisa, misikiti na kumbi za harusi za nusu ya Dodoma: akafungua plagi, akakata ethi. Kimya! Kwaya ilimpigia makofi. Yule mama hakuna aliyemwambia aache kumwaga maji.

Akampigia Geofrey, akajaribu kuifanya sauti yake iwe ya kawaida.

"Mwenyekiti, hivi marehemu alianguka vipi hasa?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nataka tu kujua."

"Palikuwa na joto, mikono yake ilikuwa jasho tupu. Alikuwa peku, alipenda kupiga peku madhabahuni. Akasogeza mdomo kwenye maiki kuanza kiitikio. Hakutoa sauti. Akakakamaa, fundi, akatetemeka, macho yametoka. Mimi nilimshika mkono, nikatupwa pembeni. Mtu mzima mimi! Mwingine akamshika, naye akatupwa. Ndipo tukajua hii si nguvu ya kawaida. Tukaanza kukemea. Alipoanguka, kebo ikachomoka, ile nguvu ikamwacha. Lakini alikuwa amekwisha."

Nyuzi zina moto, maiki ina ethi nzima ya mikisa inayouvuta moto ardhini, katikati kuna mtu peku mwenye jasho. Batho akashukuru, simu ikakatika, akakaa chini sakafuni.

Tusimsifu mno. Ijumaa yote alikuwa mtu wa kuficha. Akabadilisha waya wa kahawia, akaunga ethi upya, akaichomeka amplifaya na mikisa yake ya kibandani kwenye ubao mmoja wa soketi ili zitumie ethi moja. Mvumo ukaisha kabisa. Hivyo tu. Dawa ya haki ilikuwa ubao wa soketi. Akawaza: nitaipeleka, itanyamaza, watamshukuru Mungu, nami nitanyamaza pamoja nayo.

Jioni Geofrey akapiga. "Umekuta nini?"

"Panya."

"Panya tu? Amekaaje?"

"Amekauka. Kwenye kiota."

Geofrey akavuta pumzi. "Panya mkavu. Basi yule mwanamke alitupania. Nimesikia yuko hai bado mahali fulani. Mungu akitupa siku moja tu, atatueleza."

Alivyolitamka lile "atatueleza", Batho hakulala vizuri. Kulikuwa na jambo ambalo Geofrey hakulijua na yeye alilijua. Mwaka uliopita alikwenda Kolo kutengeneza spika ya msikiti, akamwona Ruthu pembeni ya njia panda, pale wageni wanaposhuka kwenda kutazama michoro ya mapangoni. Alikuwa anauza maandazi. Kila mmoja alijifanya hakumwona mwenzake.

Jumamosi alfajiri alipanda basi la Kondoa.

Alimkuta Ruthu nyuma ya nyumba ya mwanamke wa Kirangi aitwaye Mwanasha, mama wa watoto wanne, ambaye alimpokea miaka ile bila kumuuliza kafukuzwa kwa nini. Ruthu alikuwa amekonda, mgongo umeinama, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni fundi wa chumvi," akasema.

Batho akapiga magoti pale pale kwenye vumbi. Kwa mara ya kwanza maishani maneno yalimpiga chenga. Alisimulia vibaya, akianzia mwisho, akirudi mwanzo, mpaka yakatoka yote: waya, utepe mwekundu, maji ya chumvi. Ruthu alisikiliza akiwa anasonga ugali wa uwele, wala mwiko haukusimama.

"Kwa hiyo haukuwa uji wangu," akasema mwishowe.

"Haukuwa uji, mama."

"Unajua, miaka minne nimekuwa nikiuchambua ule uji. Unga niliununua wapi, maji niliyateka wapi. Nilimlea tangu ana miaka mitatu. Nikawa nasema, labda kweli mkono wangu una kitu nisichokijua." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Mungu akusamehe. Mimi bado, usinikimbize."

Akampakulia ugali na mlenda. Batho akasema hana njaa. Ruthu akasema mtu aliyetoka Msalato asubuhi haondoki kwake na tumbo tupu, hata awe nani. Akala. Akamaliza sahani nzima. Aliandika namba ya simu ya Mwanasha, akarudi na basi la jioni akiwa mwepesi, akipanga hotuba. Ndiyo, hotuba. Batho ni Batho.

Jumapili, kanisani kwa kina Geofrey, ibada ilipofika kwenye matangazo, Mchungaji Ebenezer akampa nafasi fundi aeleze habari za mashine. Batho akasimama mbele, amplifaya pembeni yake imewashwa, imenyamaza kimya.

"Mbukwenyi!" akawasalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa!" kanisa likaitika, watu wakatabasamu.

Akawaambia. Safari hii alipanga vizuri, alionyesha plagi, alionyesha kipande cha waya wa kijani na njano, alionyesha utepe. Akasema: "Jordan hakurogwa. Jordan aliuawa na umeme, na aliyekata waya wa kumlinda ni mimi. Maji ya chumvi ni mimi niliyeagiza. Mama Ruthu hana kosa lolote. Mnataka kumfunga mtu, nifungeni mimi."

Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa upole, na Batho akaona, naam, linaingia, linawaingia.

Geofrey akasimama. Hakuwa na hasira, na hapo ndipo palipotisha.

"Fundi, tunakufahamu miaka mingapi?"

"Mingi."

"Umetutengenezea vyombo vingapi? Vya wenzetu vingapi? Wewe mwenyewe umetuambia unakata waya hizo kila mahali. Kuna mwingine aliyekufa?"

"Sijui. Mungu aepushe. Naanza kesho kuzunguka—"

"Hajafa mwingine. Kafa Jordan peke yake. Ijumaa ulinipigia... nilikupigia, ukaniambia umekuta panya mkavu. Hukutaja waya. Leo ni waya. Jana ulikuwa wapi, fundi?"

Na Batho, kwa kuwa alikuwa ameamua kusema kweli na kweli tupu, akasema kweli. "Nilikwenda kumwomba radhi. Yuko Kolo. Anaishi kwa mama mmoja karibu na njia panda, anauza maandazi. Twendeni wote, tumrudishe nyumbani."

Kanisa likaguna. Geofrey akainamisha kichwa, akauliza polepole, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgonjwa:

"Ulikula kwake?"

Batho akafungua mdomo. Angeweza kusema hapana. Lakini akaitikia kwa kichwa.

"Ulikula nini, fundi?"

"Mlenda," akasema. "Ugali na mlenda. Jamani, sikilizeni, huo ni ugali tu—"

Kelele zilizotoka hapo hakuzisikia vizuri. Yule mwanamke aliyekuwa analia alikuwa sasa anakemea, mkono ameuelekeza kwake. Wazee wawili walimshika mabega kwa upendo, wakamkalisha, wakaanza kumwombea. Mchungaji Ebenezer alipiga kengele, akasema tuombe, tuombe kwanza, hakuna aliyemsikia. Kupitia katikati ya mikono iliyowekwa kichwani pake, Batho aliona wanaume wanatoka mmoja mmoja kwa mlango wa pembeni, Geofrey mbele. Mmoja alikuwa amebeba dumu la petroli.

"Tunakwenda kuongea naye tu," alisikia Geofrey akimwambia mtu. Noah ikawaka.

Batho akajinasua, akakimbilia nje na kiatu kimoja. Gari lilikuwa limeshashika barabara. Akapiga polisi, akaeleza kwa pumzi moja, akaambiwa ataje tena jina la kijiji, akalitaja, akaambiwa watafuatilia. Akapiga namba ya Mwanasha. Ikaita, ikaita.

"Haloo?"

"Nipe mama Ruthu. Haraka, dada, haraka!"

Sauti za watoto zilisikika, wanacheza, mmoja anadai zamu yake. Kisha Ruthu.

"Mama, toka humo ndani. Wanakuja. Geofrey na wenzake, wana gari, hazitapita saa tatu watakuwa hapo. Toka, jifiche kwa yeyote!"

"Umewaambia nilipo?"

"Nimewaambia, mama."

Alisubiri matusi. Angeyapokea kwa shukrani. Nyuma ya Ruthu watoto waliendelea na mchezo wao.

"Umewaambia na nyumba?"

"Nimewaambia."

"Humu kuna watoto, fundi," akasema. "Wakifika wasinikute watawauliza hawa." Akasikika anainuka, anamwambia Mwanasha ampe khanga yake iliyo kambani. "Ngoja niende nikawasubiri barabarani."